Masikio ya Kaskazini: Juu ya Kusikiliza Maandiko na Kughafilika Nayo

Mzazi wa pwani akilalamika ya kuwa mwanawe hasikii, hatuna haja ya kumpeleka mtoto huyo kwa mganga wa masikio. Masikio yake ni mazima. Sauti inamfikia barabara. Kilichokosekana ni itikio lake. Na mzazi huyo huyo akimsifu mtoto mwingine kwamba ni msikivu, hamsifu kwa sababu anaweza kumsikia ndege aliaye mbali, bali kwa utii wake. Sisi walimu twayatamka maneno haya kila siku darasani bila ya kuyafikiri, na ni vema tukumbuke ya kwamba Kiswahili hakiko peke yake katika jambo hili. Kitenzi cha Kiebrania shama, ambacho ndicho kinachofungua ungamo kuu la Waisraeli katika Kumbukumbu la Torati 6:4, kina maana ya kusikia na maana ya kutii kwa pamoja. Kigiriki cha Agano Jipya nacho hulijenga neno la kutii, hupakouo, juu ya neno la kusikia, akouo. Na Kilatini kikafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo Maandiko ya Kikristo yalipofika pwani yetu na kuanza kutiwa katika lugha yetu, yaliikuta lugha ambayo ilikwisha kulijengea wazo hilo nyumba.

Katika makala haya tumekusudia kuitazama habari hiyo kutoka mahali ambapo wenzetu wengi hawapatazami, yaani pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni, pamoja na mji wa Barawa ulio mbele yake kwa upande wa kaskazini. Visiwa hivyo, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo, vimejipanga toka karibu na Kismayu mpaka upande wa Ras Kiamboni, sambamba na nchi kavu, mfano wa boma lililowekwa baharini. Wenyeji wake husema Kitikuu, au Kibajuni kama wengi wetu tukiitavyo, na watu wa Barawa husema Chimiini. Na lahaja zote mbili ni ndugu za Kiswahili chetu. Jina la Kismayu lenyewe wengi hulifasiri kuwa ni kisima cha juu. Karibu watu wote wa upande huo ni Waislamu tangu karne nyingi, na msomaji ana haki ya kuuliza historia ya Maandiko ya Kikristo inatafuta nini huko. Jibu letu ni kwamba masikio ya kwanza yaliyosaidia kuyapima Maandiko hayo katika Kiswahili yalitoka huko.

Lakini kwanza yafaa tueleze watu wa pwani hiyo walikuwa wasikilizaji wa namna gani. Mtoto wa Kibajuni aliyetiwa chuoni alianza dini kwa sikio. Aliisikia aya kinywani mwa mwalimu, akairudia, akasahihishwa, akairudia tena, na mara nyingi alikuwa ameihifadhi muda mrefu kabla ya kuijua maana yake. Kurani imewaagiza wenye kuiamini wainyamazie na kuisikiliza isomwapo, na agizo hilo, lililo katika sura ya Al-Aaraf, halikuwa nadharia. Lilikuwa adabu ya msikitini na ya nyumbani. Tena palikuwapo na juhudi ya kuwafikishia maana wale wasiojua Kiarabu. Kule Barawa, Dada Masiti, na baada yake Sheikh Qasim al-Barawi aliyefariki mwaka 1922, walitunga tenzi za dini kwa Chimiini ili wanawake na watu wasiosoma wapate kuzishika kwa kusikia. Katika pwani ya Pate na Lamu shairi la Kiarabu la Hamziya lilikuwa limekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili zamani sana. Hivyo watu hawa hawakuhitaji kufundishwa kwamba neno takatifu husikilizwa. Walikuwa wakilijua jambo hilo kuliko mabaharia wengi wa Ulaya waliowajia na misalaba.

Na mara ya kwanza hao wa Ulaya hawakuja kusomewa wala kusoma. Mwaka 1587 jeshi la Wareno lililotoka Goa liliuteketeza mji wa Faza, mji wa Wabajuni katika kisiwa cha Pate, kwa sababu watu wake waliwaunga mkono Waturuki wa Mir Ali Bey. Watu waliuawa bila kuchagua, na minazi ikakatwa. Watawa wa Kikristo walifika pwani hiyo katika zama zile zile na chini ya bendera ile ile. Hatuna haja ya kukaa hapo sana, ila tuseme tu kwamba mtu ambaye ameisikia mizinga kwanza hawezi kulaumiwa kwa upesi akiwa hana hamu ya kuisikia Injili.

Tuingie sasa katika karne ya 19. Mwezi wa Januari mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekuwa akitumikia chama cha CMS cha Uingereza, alifika Unguja, na mwezi wa Mei akakaa Mombasa. Nia yake ya asili ilikuwa kuwafikia Waoromo, ambao siku zile aliwaita Wagala, na pwani ilikuwa kwake mlango tu. Lakini mlango ulimshika. Tarehe 8 Juni 1844 alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mtu aliyeketi naye ni Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa, ambaye Krapf amemtaja kuwa ni mtu wa Barawa.

Tukae kidogo na jambo hili, maana katika vitabu vyetu vya historia ya lugha hupitwa kwa mstari mmoja. Krapf alikuwa hajatimiza nusu mwaka pwani. Alijua Kiarabu, alijua Kiebrania, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado kichanga. Kazi ya kufasiri katika hali kama hiyo haiwezi kuwa kazi ya mtu mmoja mwenye kalamu. Mgeni hueleza maana kama awezavyo, kwa lugha aliyo nayo. Mwenyeji husikiliza, hugeuza moyoni, halafu husema: sisi tungesema hivi. Mgeni huandika, huyasoma aliyoyaandika, na mwenyeji husikiliza tena ili aone kama maneno hayo yamesimama. Kwa hiyo mtu aliyesikiliza zaidi katika chumba kile alikuwa ni kadhi. Naye hakuwa mwanafunzi wa Krapf. Alikuwa ni hakimu wa sheria ya Kiislamu, mtu aliyezoea kupima shahidi anasema nini na hasemi nini. Habari za Adamu na Hawa alizijua kwa njia ya Kurani, na sasa alikuwa anazisikia zikija kwa mpangilio mwingine, akatoa maneno ya lugha yake ili zipate kusemeka.

Mwezi uliofuata, Julai 1844, mke wa Krapf, Rosina, alifariki dunia Mombasa pamoja na mtoto wao mchanga. Kazi haikusimama. Mwaka 1847 milango mitatu ya kwanza ya Mwanzo ilipigwa chapa huko Marekani, katika jarida la Chama cha Amerika cha Elimu ya Mashariki. Wasomaji wetu waifungue Biblia yo yote na kuisoma milango hiyo mitatu kwa sauti, kisha watuambie kama haikuwa bahati ya ajabu kwamba hiyo ndiyo iliyotangulia katika Kiswahili. Mlango wa kwanza, Mungu anasema na vitu vinakuwa: maji, nchi, mianga, vyote vinasikia. Mlango wa tatu, mwanamume na mwanamke wanaisikia sauti Yake bustanini wakati wa jua kupunga, nao wanakwenda kujificha kati ya miti. Viumbe visivyo na masikio vimetii, na wenye masikio wamekimbia.

Miaka 20 baadaye jambo lile lile likatokea Unguja. Edward Steere wa UMCA alifika kisiwani mwaka 1864, na katika utangulizi wa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870 aliwashukuru wenyeji waliomsaidia. Mmoja wao ni Sheikh Abdul-Aziz, aliyejitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilichochaguliwa. Huyu ni Abdul-Aziz bin Abdul-Ghani al-Amawi, aliyefariki mwaka 1896, mwanachuoni mkubwa aliyepata kuwa kadhi Kilwa na Unguja, tena mtu aliyejulikana kwa mijadala yake na wamisionari. Naye alizaliwa Barawa.

Basi tunao makadhi wawili, na wote wawili watu wa Barawa. Mmoja aliketi na Krapf penye kitabu cha kwanza cha Torati, na mwingine aliketi na Steere penye Zaburi. Yapo maelezo mepesi: Barawa ilikuwa chuo cha elimu, na wanachuoni wake walitawanyika pwani nzima. Lakini sisi twaona pana zaidi ya hayo. Mtu wa Barawa alikua kati ya lugha tatu au nne, Chimiini nyumbani, Kiarabu chuoni, Kisomali sokoni, Kiswahili cha kusini safarini. Mtu wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba maana haishikamani na sauti moja tu, na kwamba ukitaka kumfahamu mwenzio itakupasa unyamaze kwanza. Wakristo wa Kiswahili wanawiwa na watu hawa wawili, ambao hawakuwa Wakristo, deni ambalo ni nadra kulisikia likitajwa katika mimbari.

Kinachohuzunisha ni kwamba pwani iliyotoa masikio hayo haikupata mengi kutoka katika kazi iliyotokea. Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walishughulika na Mombasa na Rabai. Steere aliandika Kiunguja. Agano Jipya lake likatoka mwaka 1883, baada ya kufa kwake, na Biblia nzima mwaka 1891. Kule Mombasa, William Taylor, mtu ambaye huenda hakuna Mzungu mwingine wa zama zake aliyekuwa na sikio kama lake kwa Kiswahili, hakuridhika na Kiunguja. Alikaa na malenga na watu wa mithali, akakusanya misemo ya Kimvita kwa mamia, na juhudi yake na ya wenzake ikaishia katika Agano Jipya la Kimvita la mwaka 1909 na Biblia ya mwaka 1914. Baadaye lugha ilisanifishwa kwa msingi wa Kiunguja, na mwaka 1952 ikatoka Biblia ya muungano ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Tafsiri zote hizo zilizaliwa kusini ya Lamu. Mtu wa Kiamu asemaye mato na nti alilazimika kuzoea macho na nchi. Na Mtikuu, ambaye lahaja yake iko mbali zaidi, akaongezewa safari.

Baadhi ya wenzetu husema kwamba hili si jambo kubwa, kwa sababu maana hufahamika. Hatukubaliani nao kabisa, wala hatuwapingi kabisa. Ni kweli kwamba Mbajuni aliyekwenda Lamu au Mombasa huelewa. Lakini ye yote aliyefundisha imla anajua ya kwamba mtoto huandika si kile alichosomewa bali kile ambacho sikio lake limezoea, na neno lisilo na mzizi nyumbani hupita juu kama upepo juu ya dari. Kwa upande wa pili, lugha iliyo karibu sana nayo ina hatari yake, kwani mtu hudhani amekwisha kuelewa kabla sentensi haijaisha. Neno geni kidogo humwamsha msikilizaji. Taylor mwenyewe hakuandika Kimvita cha sokoni. Alitafuta Kimvita kilichokuwa na heshima masikioni mwa wenye lugha, lugha ambayo mtu akiisikia hujiweka sawa kitini. Hilo ndilo tunaloliona kuwa kipimo kizuri, nalo ni kipimo cha sikio.

Wamisionari hawakuisahau Kismayu moja kwa moja. Chama cha Kilutheri cha Uswidi, kiitwacho kwa ufupi EFS, kilianza kazi Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1860 kwa nia ile ile ya Krapf, yaani Waoromo. Katika upande wa Eritrea kazi hiyo ilimpata Onesimos Nesib, Mworomo aliyetekwa utumwani utotoni na kukombolewa, ambaye pamoja na Aster Ganno aliitoa Biblia nzima ya Kioromo mwaka 1899. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waswidi hao walikuwa pia Kismayu na kando ya mto Juba, siku ambazo Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza. Watu waliowasikiliza huko walikuwa hasa wale wa Gosha, watumwa waliotoroka mashamba ya Benadiri pamoja na wazao wao, wakulima wa kando ya mto. Wengi wao asili yao ilikuwa kusini, na wengine walikuwa bado wakisema Kizigua cha babu zao. Hawa walikuwa watu waliotolewa kwao wakapelekwa kaskazini kwa majahazi, na sasa walikuwa wanasomewa habari za taifa lililotolewa utumwani. Hapana haja ya kueleza kwa nini walisikiliza.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia. Mwaka 1935, Italia ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Uhabeshi na kisha ikaivamia, Waswidi walifukuzwa. Kazi ya miaka thelathini ikakatika kwa amri ya serikali. Kanisa Katoliki, lililokuwa na makao yake Benadiri tangu mwaka 1904, liliendelea, lakini siku hizo Maandiko katika Misa yalisomwa kwa Kilatini. Baadaye, katika miaka ya 1950, Wamenonaiti wa Marekani walifika Somalia, wakawa na hospitali na shule huko Jamama, si mbali na Kismayu. Shule zao zikataifishwa mwaka 1972, na mwaka 1976 wakaondoka nchini. Biblia nzima ya Kisomali ilitoka mwaka 1979. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Kenya na ng'ambo, na kuyageuza makanisa machache ya nchi hiyo kuwa magofu.

Tunaposoma mfululizo huo wa miaka, ni rahisi kusema kwamba Neno lilizuiwa na wenye nguvu, basi. Tusiseme upesi hivyo. Fukuzo la mwaka 1935 linaweza kuandikwa katika tarehe moja. Liko jambo jingine ambalo halina tarehe. Kati ya 1844, kadhi wa Barawa alipoketi na Krapf, na siku ambayo Mswidi wa kwanza alitia mguu Kismayu, vilipita vizazi viwili. Katika muda huo Maandiko ya Kiswahili yalikuwapo, meli zilikuwapo, pepo za kusi zilivuma kila mwaka kutoka Mombasa kwenda Barawa. Hakuna aliyekata shauri kuiacha pwani ya kaskazini. Ilisahauliwa tu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu palikuwa na kazi nyingine iliyo karibu zaidi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye Waraka kwa Waebrania, mlango wa pili, ambako mwandishi anawaonya Wakristo wazishike kwa bidii zaidi habari walizozisikia. Neno la Kigiriki alilolitumia kueleza hatari yao ni pararreo, nalo ni neno la maji: kutiririka na kupita kando, kuchukuliwa na mkondo. Na kitenzi cha kuangalia kwa bidii katika sentensi hiyo hiyo, prosecho, Wagiriki walikitumia pia kwa kukiongoza chombo kifike pwani. Kwa sababu hiyo wafafanuzi wengi wameiona hapo sura ya chombo ambacho nahodha wake ameghafilika na bandari ikampita. Mbele kidogo, katika mlango wa sita, mwandishi yule yule anataja nanga. Tafsiri yetu ya mwaka 1952 ililiweka hapo neno la kukosa, ambalo maana yake ni sahihi, lakini bahari imekauka. Laiti fungu hilo lingalifasiriwa Koyama!

Maana Mbajuni hangehitaji maelezo. Wazee wake ndio waliounda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari, vyenye tanga la mkeka, ambavyo vilikuwa vikionekana katika pwani yetu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Chombo cha kushonwa hakijawahi kuwa kikavu. Maji huingia penye mishono, kidogo kidogo, usiku na mchana, na lazima awepo mtu wa kuiteka ngama na kuimwaga. Asipokuwapo, hakuna kishindo. Hakuna mwamba uliogongwa. Na mkondo wa upande ule si wa mchezo: wakati wa kusi hukimbia kaskazini kwa nguvu nyingi, na kaskazi ikiingia hugeuka kwenda kusini. Nahodha akilala kwenye usukani akiwa amekusudia Kismayu, huamka akiona nchi asiyoijua, na tanga lake li zima na chombo chake ki salama.

Hivyo onyo la Waebrania haliwahusu walioasi. Linawahusu watu waliokwisha kusikia, wanaoendelea kufika ibadani, ambao hawajakana lo lote. Katika Kiswahili tunayo maneno kadhaa kwa hali hiyo, na walimu wayatenganishe. Kupuuza ni kulidharau jambo baada ya kuliona. Kutojali, neno lililotumika katika tafsiri zetu penye aya ya tatu ya mlango huo, nalo lina harufu ya uamuzi, kana kwamba mtu amelipima jambo akaliona si kitu. Lakini kughafilika hakuna uamuzi wo wote ndani yake. Mtu aliyeghafilika hakukataa. Ameacha tu kuangalia. Neno hili limetokana na Kiarabu, na waalimu wa Kiislamu wa pwani wamelitumia tangu zamani kwa hali ya moyo uliosahau mbele ya Mola wake. Kwa maoni yetu ndilo lililo karibu zaidi na wazo la mwandishi wa Waebrania, na Mkristo asione haya kulipokea kutoka kwa jirani, kama vile Krapf asivyoona haya kuyapokea maneno ya kadhi.

Tiba yake ni ipi? Hatukuwekwa kuwa wahubiri, nasi hatutaingia madhabahuni. Lakini liko jambo moja ambalo ni la walimu wa lugha, na ambalo hufanywa vibaya kila Jumapili katika makanisa mengi ya nchi zetu: usomaji wa Maandiko kwa sauti. Kanisa la kwanza lilikuwa na daraja maalumu la watu walioitwa wasikilizaji, waliokuwa bado kuandikishwa kwa ubatizo, na wamisionari wa UMCA waliirudisha desturi hiyo huku kwetu. Wazo lake lilikuwa kwamba kusikiliza ni kazi, tena kazi yenye muda wake. Siku hizi msomaji huteuliwa mlangoni dakika chache kabla ya ibada. Huyavamia majina ya watu na miji, hukata sentensi mahali pasipo na kituo, hushusha sauti penye swali na kuipandisha penye jibu. Na waumini, kila mmoja akiwa na kitabu chake, wanafuatisha kwa macho badala ya kusikiliza. Katika Ufunuo 1:3 heri hutolewa kwa msomaji mmoja na kwa wasikiaji wengi, kwa kuwa nakala ilikuwa moja na masikio mengi. Ezra naye, katika Nehemia mlango wa nane, alisoma tangu mapambazuko mpaka adhuhuri penye lango la Maji, na Walawi wakawa wanawafahamisha watu maana. Watu walilia. Hatujui ni lini tulipomwona mtu akilia kwa somo la kwanza. (Yule kijana Eutiko wa Troa, aliyesinzia dirishani Paulo alipozidisha maneno hadi usiku wa manane, tunamwachia msomaji amhukumu mwenyewe, sisi tuna huruma naye.)

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kufundishwa kwa wiki moja kulisoma fungu kwa namna itakayowafanya watu waweke vitabu chini. Anahitaji kulisoma nyumbani mara tano, kuuliza maana ya kila neno asilolijua, kuamua sentensi inapumzika wapi, na kumsomea mtu mmoja ambaye hana kitabu, kisha amwulize amesikia nini. Hilo la mwisho ndilo kubwa, na ndilo walilofanya Krapf na Sheikh Ali bin Muhiddin katika mwezi wa Juni mwaka 1844.

Tumemtaja Rebmann mara moja tu, na hiyo si haki. Yeye alikaa Rabai karibu miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, mtu mpole asiye na haraka, akikusanya maneno na kufasiri, huku waliomsikia wakiwa wachache mno. Katika miaka ya mwisho macho yake yalipofuka, na mfasiri huyo akawa hawezi tena kuyaona maandishi yake mwenyewe. Alibaki na masikio tu, kama msikilizaji mwingine ye yote. Mwaka 1875 aliondoka pwani akishikwa mkono na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, aliyemfikisha mpaka Ujerumani. Injili ya Luka aliyoifasiri kwa Kiswahili, ambayo katika mlango wake wa nane Bwana anawaambia wanafunzi wajiangalie jinsi wasikiavyo, ilipigwa chapa mwaka 1876, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Rebmann akafariki dunia huko Korntal.